Kope ya fundi magodoro wa Kator

Saa moja asubuhi, mtaani Kator, Juba, Waiswa anaweka chini sindano yake ndefu, anainua uso na kukodolea macho bati la kibanda chake. Teresina, muuza chai wa kibanda cha jirani, anasimama mbele yake na birika mkononi, akichungulia jicho la kushoto.

"Usicheke, ya Waiswa! Ukicheka jicho inafunga," anasema Teresina, Kiswahili chake kikichanganyika na Kiarabu cha Juba.

"Wewe ndio unachekesha mimi."

"Kweis, iko sawa," anatangaza Teresina hatimaye. "Askari hajalala. Lete kikombe."

Waiswa, mwenye umri wa miaka thelathini na minane, hushona magodoro ya pamba. Alitoka Iganga, Uganda, baada ya mkataba wa amani wa Sudan wa 2005, watu walipokuwa wakirejea Juba na kukuta nyumba tupu. Kazi ilimkubali. Kisha, mwaka 2007, kope ya jicho lake la kushoto ikaanza kuanguka kila alasiri, akawa anatunga uzi kwa kubahatisha.

Huko Kampala madaktari walipata chanzo kifuani: saratani ya thimasi, tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kifua. Ilikuwa ikiufanya mwili uidhoofishe misuli ya kope. Wakaiondoa. Kope ikapanda. Tangu hapo mtaa ukaamua kwamba kope ndiyo askari wa kusema iwapo ugonjwa unarudi.

Waiswa naye aliamini. Mwaka jana hakwenda Kampala kupigwa picha ya kifua ya kila mwaka.

"Jicho iko sawa, nikasema kifua pia iko sawa. Na magodoro ya Krismasi ilikuwa mingi."

Mwezi uliopita daktari wake alimpigia simu.

"Aliniuliza, 'Ssebo, bwana, mfuko wa godoro ukitoboka, pamba inafanya nini?' Pamba inatoka kidogo kidogo. Wewe unakuja kuona baadaye sana."

Uvimbe wa Waiswa, ulipoondolewa, ulikuwa tayari umepenya ganda lake. Madaktari hutazama hilo, aina ya chembe zilizoonekana kwenye hadubini, na kama kila kipande kiliondolewa, ndipo wanakadiria hatari ya ugonjwa kurudi. Nayo hubaki kuwa makadirio. Kope inaweza kulegea bila uvimbe kurudi, na uvimbe unaweza kurudi jicho likiwa wazi kabisa. Ndiyo maana picha haiepukiki, hata kwa mtu anayejisikia mzima.

Jumapili atapanda basi la kwenda Nimule, mpakani mwa Uganda, kisha aendelee hadi Kampala. Safari na picha vitakula faida ya miezi mitatu. Asichojua ni kama atarudi na mkewe, Norah, aliyebaki Uganda, kuanza maisha Juba kama walivyopanga, au atabaki Kampala kwa matibabu.

Magodoro ya wateja yamekwisha. Limebaki moja la watu wawili, limejaa pamba, upande mmoja haujashonwa. Ni la kwake na Norah.

"Hii usiguse," anamwambia Teresina. "Nitafunga mwenyewe."

"Na mimi asubuhi nitaangalia jicho ya nani?"

"Angalia godoro. Mvua isiingie."