Uliza: Kambale wa Nani?

Mwanangu, funga kwanza hiyo kompyuta, usogeze kiti hapa. Umeniambia kesho unaanza uanagenzi wa kuandika programu, na macho yako yanang'aa. Yangu pia yaling'aa. Nakumbuka asubuhi moja hapa Butembo, wakati wa kiangazi, vumbi limetanda hata juu ya kompyuta, nilipopewa kazi yangu ya kwanza. Hadi leo nikiikumbuka natafuta pa kuficha uso.

Bwana fundi wangu aliitwa Mzee Ramazani, mtu wa swala zake, mpole, aliyewaandikia wafanyabiashara programu katika chumba kilichokuwa juu ya duka la vitenge. Wasafirishaji fulani walimwomba programu ya vifurushi: mtu aache mzigo Butembo, na ukifika Beni, mwenyewe apate ujumbe kwenye simu aje kuuchukua. Mzee akanipa mimi sehemu ya majina ya wapokeaji.

"Kambale," akaniambia, "mbele ya kuandika kitu, panda gari uende Beni. Ukae ku gishe siku muzima, utazame vile batu banapokea mizigo yabo."

Sikwenda kwenye hilo dirisha la kupokelea mizigo. Nyumba usiyolala ndani hujui ila yake, lakini mimi niliona kukaa juu ya magunia ya muhogo ni kazi ya wapakizi. Nilikuwa na diploma. Nikachukua mfano kwenye mtandao, ulioandikwa na watu wa mbali. Ulisema hivi: ukikuta majina mawili yanafanana kabisa, huyo ni mtu mmoja aliyeandikwa mara mbili, mfute mmoja, ubaki na nambari ya simu iliyoingia mwisho. Nikaona huo ndio usafi wa kazi. Nikaunakili.

Sasa unacheka, maana wewe ni wa hapa. Sisi Wanande huwaita watoto kwa mpangilio wa kuzaliwa: mvulana wa pili ni Kambale, msichana wa kwanza ni Masika, nyumba hadi nyumba, kilima hadi kilima. Ita "Kambale!" sokoni uone wangapi watageuka. Mimi mwenyewe nimegeuka hivyo tangu utotoni. Jambo hilo nililijua kabla sijajua kusoma, ila niliona si elimu, nikaliacha nje ya mlango.

Mzee akaniuliza kama nilifika Beni. Nikamjibu, "Ndiyo, Mzee, kila kitu kiko sawa."

Programu ikaanza kazi. Kulikuwa na mama mmoja anayeishi Beni, Masika Maria, mzaliwa wa Kalunguta. Alikuwa akingoja dawa za kifafa za mwanawe, alizotumiwa na dada yake kutoka Butembo. Na huko Mbau kulikuwa na Masika Maria mwingine, muuza mafuta ya mawese, naye akingoja mzigo wake. Programu yangu iliwafanya mtu mmoja, na nambari iliyobaki ilikuwa ya huyu wa Mbau. Akapata ujumbe, akaja Beni na kadi yake ya uchaguzi, jina likalingana na la programu, hakuulizwa zaidi, akapewa kifurushi kilichofungwa, akarudi nacho. Hakuiba. Alipokifungua akaona dawa, akapiga simu mara moja. Lakini barabara ya Mbau ilikuwa imeshafungwa kwa hofu ya usalama, magari yote yamerudishwa.

Mtoto akakosa dawa. Kifafa kikamshika jikoni, akaangukia mafiga yenye moto.

Mzee Ramazani hakunipigia kelele. Barabara ilipofunguliwa na dawa kurudishwa Beni, alinichukua kwenye gari tukaenda. Afadhali angenitukana. Pale gishe tulimkuta yule mama amekuja kupokea dawa zake. Mtoto alikuwa kando yake, mkono umefungwa bendeji hadi kwenye kiwiko.

"Mama," nikasema, "ni mimi niliandika ile programu."

Akanitazama. "Unaitwa nani?"

"Kambale."

"Kambale wa nani?"

Mpakizi mmoja akadakia kutoka juu ya magunia: "Umuulize muzuri, mama! Huyu njo yule wa ordinatere, ile kompyuta yake. Kwake, Kambale iko mumoja tu dunia muzima!"

Watu wakacheka. Mama hakucheka.

"Wa Paluku, mama. Wa kule Kayna."

"Eh. Sasa nimekujua." Akamgusa mwanawe begani. "Huyu naye ni Kambale. Kati yenu, ungefuta nani?"

Nikautazama ule mkono uliofungwa. Swali hilo ninalo hata leo.

"Uliniambia ulikuja hapa," akasema Mzee.

"Sikuja, Mzee."

"Basi kaa."

Nikakaa hadi gishe ikafungwa. Kila aliyetaja jina lake aliulizwa: wa nani? Wa kilima gani? Hakuna aliyekosea. Nililelewa ndani ya swali hilo, na sikuliandika.

Tuliiandika upya programu, ikiuliza kila jina ni la nani na la kilima gani, nayo inafanya kazi hadi sasa. Yule mtoto amekuwa mtu mzima. Vidole vyake viwili havinyooki. Tukikutana hunisalimia kwa mkono huohuo, kwa furaha, na mimi huinamisha macho.

Mwanangu, utakosea, wala usiogope. Bwana fundi mwema anajua kwamba kukosea ni sehemu ya kujifunza. Lakini usiseme umefika mahali ambapo hukufika. Na mwacha asili ni mtumwa: unayoyajua kutoka kwenu ni elimu pia, ingia nayo kazini. Mungu akupe walimu wenye subira, ailinde mikono yako isimwumize usiyemjua, na akufikishe mbali kuliko mimi.

Kesho wakikupa kazi, usifungue kompyuta kwanza. Nenda ukae pale watu wanapohudumiwa. Waulize majina yao, na baada ya kila jina, uliza: wa nani?