Pikipiki ya Mpwa wa Baba

Pikipiki ilifika kwetu Newala juu ya lori, imelazwa ubavu katikati ya magunia ya chumvi. Utingo na mwenzake waliishusha, wakaiegemeza kwenye ukuta wa jiko, wakaondoka wakicheka. Walikuwa na haki ya kucheka. Haikuwa na kiti. Tairi la mbele lilikuwa limeoza, pahali pa taa palikuwa na tundu tupu, na ukilitikisa tangi ulisikia kutu ikichakacha ndani. Baba aliipangusa vumbi kwa kiganja, akaizunguka, akaipangusa tena.

Baba alikuwa bwana shamba. Kwa miaka mingi alizunguka vijijini kwa pikipiki hiyohiyo, wakati huo ikiwa mali ya ofisi, akiwafundisha watu kupulizia mikorosho unga wa salfa ili ubwiri, ule ukungu mweupe, usile maua. Kisha ikaja ile hali ya kupunguza wafanyakazi. Leo wasomi wanaiita mageuzi ya uchumi; sisi tuliiita kupunguzwa, na aliyepunguzwa alikuwa baba. Ofisi iliuza makorokoro yake, na wakati wenzake waliponunua makabati na meza, yeye alinunua pikipiki iliyolala nje masika kadhaa.

"Hii ukiisafisha tu, inaondoka," aliniambia.

Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba siku nyingi, sina kazi, namsaidia mama shambani na kuziba pancha za baiskeli za watu. Injini sikuwahi kuifungua maishani mwangu.

Nieleze wazi nilichokuwa nakitaka, maana watu wakisikia habari hii hudhani nililia kwa ajili ya chombo tu. Chombo nilikitaka, ndiyo. Biashara zilikuwa zimefunguliwa, wanunuzi binafsi wa korosho walikuwa wanaingia mpaka vijiji vya ndani, na kijana mwenye pikipiki alikuwa mtu mbele ya watu. Lakini zaidi ya hapo nilitaka baba aseme, watu wakisikia, kwamba hiki ni cha mwanangu. Kwetu hilo si neno dogo. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Mali ya mwanamume huenda kwa mpwa wake, mtoto wa dada yake, na mwanawe wa kumzaa huangalia kwa mjomba wake. Nimekua najua hivyo. Mikorosho ya babu ilikwenda hivyo, na sikumbuki aliyenuna. Ila kwa ujinga wa ujana nilidhani mambo hayo ni ya mashamba na miti. Pikipiki ilikuwa chuma kilichotoka Japani, na mimi nilidhani chuma hakina ukoo.

Nikaanza kazi.

Injini ilikuwa imekamata. Nilikanyaga kiki kwa uzito wangu wote, haikushuka hata kidogo. Baba aliketi kwenye kigoda, redio pembeni, akawa anatoa amri. "Fungua plagi. Mimina mafuta ya taa humo ndani. Acha." Nikamimina, nikaacha. Kila asubuhi nilijaribu na kila asubuhi iligoma. Mwishowe nilifungua kichwa cha silinda, nikachukua kipande cha mchi uliovunjika, nikakisimamisha juu ya pistoni, nikagonga na kugonga huku naitukana kwa Kimakonde, maana Kiswahili kilikuwa kimeniishia. Ilipocheza nilipiga ukelele mpaka jirani akaja mbio kuuliza nani amefariki.

Mama hakuipenda pikipiki tangu mwanzo. Newala maji yalikuwa kitu cha kugombewa. Bomba likikauka, wanawake walishuka bondeni na ndoo na kuupanda ule mlima nazo kichwani. Siku aliponikuta naosha injini kwa maji ya mtungini aliniambia, "Kesho utashuka bondeni wewe. Na umchotee na huyo mwenzako." Nilishuka kweli, na njia nzima wasichana walinicheka.

Siku nyingine, akiwa anapepeta unga, aliniuliza, "Umeshamuuliza baba yako hicho chuma ni cha nani?"

Nilimjibu kwamba mtoto hamuulizi baba yake swali kama hilo. Aliendelea kupepeta bila kuniangalia.

Halafu yakaja ya mafuta ya korosho. Kwetu nguzo za nyumba hupakwa mafuta ya maganda ya korosho ili mchwa wasiziguse. Baba alifikiri kwamba kinachomshinda mchwa kitaishinda na kutu, na mimi nilifikiri kwamba baba anajua. Nikabangua korosho mbovu, nikachoma maganda, nikakinga yale mafuta meusi, nikaipaka fremu yote kwa kitambaa. Kufika jioni mikono ilikuwa imevimba, na pale usoni nilipojifuta jasho palikuwa panawaka. Ngozi ya viganja ilichubuka yote. Fremu nayo ikabaki inanata, na rangi niliyoipaka juu yake ikabanduka vipande vipande. Nikarudia upya kwa msasa, vidole vimefungwa matambara. Baba alinipa pole. Alisema pia kwamba pengine maganda sikuyachoma vizuri.

Sikukasirika. Hilo ndilo linaloniuma ninapolikumbuka, kwamba sikukasirika. Nilikuwa na furaha ya kuwa naye. Tangu utotoni baba alikuwa mtu wa safari. Sasa alikuwa ananikalia pale kutwa nzima, ananipa spana, ananisimulia jinsi alivyowahi kuanguka na pikipiki hiyo kwenye mchanga wa Chilangala mfuko mzima wa salfa ukampasukia kichwani. Tulicheka sana siku hiyo. Nikasema moyoni, huyu ni baba yangu na hii ni kazi yetu.

Ringi za pistoni zilikuwa zimevunjika na silinda imekwaruzika. Zamani hapo ndipo hadithi ingeishia, kwa sababu vipuri havikuwepo. Ungeandika maombi, ungesubiri mpaka uzeeke. Sasa Masasi palikuwa pamefunguliwa maduka ya watu wa mikoani, vipuri vimening'inizwa mpaka mlangoni. Nilipanda lori kwenda huko na kipande cha ukili mfukoni, nimekitumia kupimia mdomo wa silinda, jinsi mtu anavyopimwa kichwa ashonewe kofia. Mwenye duka alikiangalia kile kipande, akamwita mwanawe aje naye akione. Walicheka wote wawili. Nilirudi Newala, nikaifunga silinda yenyewe kwenye kikapu, nikapanda lori lingine. Fundi mmoja wa hapo Masasi akaichonga, nikanunua pistoni ya kulingana nayo. Nilichouza ili nipate fedha ni korosho zangu za msimu ule, zote.

Nilipokuwa nasubiri lori la kurudi, nilikaa kwenye kibaraza cha lile duka. Mwenye duka alikuwa amekwenda kula, na mwanawe ndiye aliyeketi nyuma ya kaunta, anauza, anajibu watu kwa maringo kama vile kila kitu ni chake. Nilimwonea wivu sana.

Pikipiki iliwaka asubuhi moja baada ya kiki nyingi zilizonichubua ugoko. Ilikohoa, ikazima, ikakohoa, halafu ikashika. Moshi wa mafuta ya kuchanganya ulijaa uani, kuku wakatawanyika, mama akatoka jikoni na mwiko mkononi. Baba alisimama. Alipanda, akatia gia, akaenda mpaka barabarani na kurudi, uso umemjaa machozi, akisingizia moshi. "Imerudi," alisema. Nilingoja aseme na lingine. Akasema nimwite fundi cherehani ashone kiti.

Wiki hiyo alinituma kijijini Chilangala kumwita shangazi, dada yake, aje yeye na mwanawe. Mama alichinja jogoo. Na mimi, mjinga wa mwisho, niliiosha pikipiki kwa mafuta ya taa, nikaifuta hadi inang'aa, nikavaa shati langu la sikukuu. Nilijua kinachokuja. Baba anawaita ndugu zake ashuhudie mbele yao kwamba pikipiki ni ya mwanawe, ili kesho asiwepo wa kudai. Ndivyo nilivyojipangia kichwani. Hata maneno ya kushukuru nilikuwa nayo tayari.

Tulikula. Tukanawa. Baba akatoa ufunguo mfukoni, akamkabidhi mpwa wake.

"Mjomba, chombo hiki hapa," alimwambia. "Msimu unaanza. Nenda kanunue korosho, utusaidie."

"Ahsante, mjomba," yule kijana akasema, akaupokea kwa mikono miwili. Shangazi akapiga vigelegele. Hakuna aliyeniangalia, na hawakuwa na sababu ya kuniangalia, kwa sababu kwao hapakuwa na jambo lililotokea. Mtu amempa mpwa wake. Ingekuwa ajabu kama asingempa.

Mpwa akapanda. Alikanyaga kiki mara kadhaa, haikuwaka. Hakujua kwamba injini ikiwa ya baridi lazima uvute choki. Baba akanigeukia kwa upole kabisa, akasema, "Mwonyeshe mwenzako." Nikamwonyesha. Nilimwonyesha choki, nikamweleza vipimo vya kuchanganya oili na petroli, nikamwambia asiipige resi mpaka ringi zizoee. Kijana mwenyewe hakuwa mbaya. Alinishukuru, akampakia mama yake, wakaondoka. Mimi nikakusanya spana.

Jioni ile mama alinikuta nyuma ya nyumba. Alikaa chini, akanyoosha miguu. "Baba yako hajakukosea," alisema. "Amefanya kama ulivyo utaratibu. Wewe unaye mjomba wako. Nenda kwake."

Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa na duka la vitenge na redio palepale Masasi. Alikuwa mtu aliyefunguka macho, kama walivyosema. Biashara huria ilimkuta ameshajipanga. Nilimkuta anahesabu majora.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Karibu, mjomba, karibu."

Alinipa soda ya baridi. Nikamweleza habari yote, nikamwambia kwamba ninaomba anishike mkono, hata kwa kunipa bidhaa nikauze vijijini. Nilimwambia wazi kwamba kwa baba sina kitu na kwamba mimi ni wa kwake. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaweka mkono begani kwangu.

"Mambo hayo ya wapwa yamepitwa na wakati, mjomba," alisema. "Ni mazuri, ila yamepitwa. Siku hizi kila mtu na watoto wake. Waangalie wenzetu wa mikoani, duka la baba anakaa mtoto. Mimi nimeshawaambia wanangu, hapa ni penu. Wewe ungemwambia baba yako naye abadilike."

Akanipa kanga, akasema ni ya mama.

Nilitembea hadi stendi na ile kanga kwapani, nikicheka peke yangu kwa hasira, watu wakinipisha. Baba alishika ya zamani nikakosa. Mjomba alishika mapya nikakosa. Kila mmoja alikuwa mtu mwema, kila mmoja alinipa sababu yenye adabu, na kila mmoja alinielekeza kwa mwenzake. Wangekuwa wabaya ningewachukia nikapumzika. Mama nilimpa kanga yake, nikamwambia mjomba anakusalimu.

Miaka imekwenda. Mpwa wa baba alinunua korosho kwa ile pikipiki misimu kadhaa, akaezeka nyumba bati, akaiuza pikipiki, akahamia Mtwara mjini. Siku hizi hafiki hata kwenye misiba. Mama ameshatangulia. Baba amezeeka, macho yamefunga ukungu, na anayemlisha ni mimi, anayemwogesha ni mimi, anayempeleka hospitali ni mimi. Silalamiki. Hapana, nalalamika; ila kazi naifanya.

Majuzi alikuja mgeni, mzee mmoja wa mikoani aliyewahi kuwa bwana shamba pamoja naye, anapita kusalimia waliobaki. Waliongea sana, wakawataja wenzao waliokufa, wakafikia siku ofisi ilipouza vitu vyake.

"Na ile pikipiki uliyoinunua?" mgeni aliuliza. "Tulikucheka sana."

Baba aliinuka kwenye mto, uso umechangamka. "Mlinicheka! Iliondoka, bwana. Ilifanya kazi barabara. Mpwa wangu ndiye aliyeifufua. Aliifungua yote hapo uani, alikwenda mwenyewe mpaka Masasi kuchongesha silinda. Mikono ilimchubuka, hakuacha. Yule kijana ana akili ya mikono, sijapata kuona."

Nilikuwa nimesimama katikati yao na chupa ya chai. Nilimtazama usoni nione kama anaficha kitu. Hakuwa anaficha, alikuwa anakumbuka, na alikuwa anaona fahari.

"Hongera yake," mgeni akasema.

Baba akageuza kichwa upande niliosimama. "Mwanangu," aliniambia, "mgeni hana sukari."

Nikaenda ndani kuleta sukari.