Mrithi wa Daktari Wangwe

Wanafunzi walimwita Prof, naye alikuwa ameshaacha kuwasahihisha. Wesley Wangwe hakuwa profesa. Alikuwa mhadhiri tu, cheo kile kile alichopewa tawi la chuo kikuu lilipofunguliwa pale Suna na wanafunzi wa udaktari wakaanza kuletwa katika wodi yake ya watoto. Kabla ya hapo alikuwa daktari wa hospitali. Siku moja vijana kumi na wawili walisimama nyuma yake wakiwa na makoti mapya, na kwa kuwa hakukuwa na mwingine wa kuwafundisha, akawafundisha yeye. Hakuna aliyewahi kumwonyesha jinsi mtu anavyotoka wodini kuingia darasani. Mara mbili aliomba kupandishwa cheo, na mara zote mbili faili lake lilirudi na swali moja: ameandika nini? Hakuwa ameandika kitu. Alikuwa ametibu watoto.

Miaka miwili kabla ya kustaafu, mkuu wa kitivo alimwita ofisini. Huyo alikuwa Profesa Cate Machuki, mama mnyoofu asiyependa kuzungushana.

"Daktari Wangwe, bodi inataka idara ya watoto iwe na mhadhiri wa kudumu. Tuna wewe peke yako. Ukiondoka bila mtu wa kushika nafasi yako, wanafunzi watahamishwa, na idara itafungwa."

"Nitampata mtu," alisema Wangwe.

Aliazimia kwamba huyo mtu hatatangatanga kama alivyotangatanga yeye. Akawakusanya madaktari bingwa vijana waliokuwa wametoka masomoni karibuni, wanne wote, na kila Alhamisi mchana baada ya kuzungukia wagonjwa waliketi katika chumba kidogo kando ya wodi. Aliwafundisha mambo ambayo hayakuwa katika kitabu chochote walichosoma: namna ya kupanga somo la saa moja, namna ya kumwambia mwanafunzi amekosea bila kumvunja moyo, jinsi ya kugeuza tasnifu iliyolala kabatini kuwa makala ya jarida. Mengi alikuwa akijifunza yeye mwenyewe usiku wa kuamkia siku hiyo, lakini hakuwaambia.

Kufikia Krismasi wawili walikuwa wamepata kazi hospitalini na hawakuwa na nafasi tena. Wa tatu, Omondi, alikuja kuaga akiwa na viza ya ng'ambo, akaomba radhi kana kwamba ameiba. Akabaki Phelesia.

Phelesia alizaliwa katika kisiwa cha Takawiri, katika ukoo wa wavuvi wa omena, dagaa wa ziwani. Mdogo wake alifariki kwa ugonjwa wa selimundu akiwa na miaka sita, wakiwa ndani ya boti, kabla ya kufika bara. Hakupenda kulisimulia jambo hilo, na Wangwe alilijua kwa sababu tu aliwahi kumuuliza kwa nini tasnifu yake yote ilihusu ugonjwa huo. Phelesia alikuwa mpole, mwepesi wa kucheka, na aliposimama mbele ya wanafunzi walinyamaza bila kuambiwa. Wangwe alimwita nyar chula, binti wa kisiwani. Yeye alimwita Mwalimu.

Wakati huo Phelesia alifanya kazi Homa Bay kwa mkataba mfupi. Mwezi wa Machi kaunti ikampa kazi ya kudumu. Aliileta barua hiyo Alhamisi, akaiweka juu ya meza, akakaa.

Wangwe aliisoma mpaka mwisho. "Usiichukue," alisema.

"Ni ya kudumu, Mwalimu."

"Najua. Ndiyo maana nasema. Utaingia wodini, utatoka wodini, na baada ya miaka mitatu hutakuwa umeandika hata mstari mmoja. Niangalie mimi. Nafasi ya mhadhiri itatangazwa Julai. Anza kufundisha sasa, ili wakikuuliza uzoefu uwe nao."

"Nitafundisha kama nani?"

"Utapewa barua ya kufundisha kwa muda. Niachie mimi hiyo."

Phelesia alitoka nje kumpigia mama yake simu. Aliporudi alisema, "Mama anasema nifanye utakavyoniambia wewe."

Kazi ya kaunti akaiacha. Akahamia Suna, akapanga chumba, akawa analipwa zamu chache katika kliniki za watu binafsi ili asile kwa jirani. Asubuhi alifundisha. Wanafunzi wakampenda. Wangwe alisimama mlangoni mara nyingine akamsikiliza akieleza kwa nini mtoto mwenye selimundu hulia kabla hata hajaguswa, na moyoni akaona kwamba huyu ni mwalimu kuliko alivyowahi kuwa yeye.

Mchana waliandika. Walikuwa na kumbukumbu za watoto mia tatu kutoka vituo vya afya vya Rangwe na vijiji vya karibu, nyingine zikiwa zimeandikwa kwa penseli. Makala ilirudishwa mara ya kwanza na sentensi mbili za shukrani. Mara ya pili msomaji fulani asiyejulikana aliandika kurasa nne za kasoro, na Phelesia akazisoma huku akifuta macho kwa kiganja. Wakaanza upya. Mara ya tatu ikakubaliwa.

Siku hiyo alikwenda nyumbani kwa Wangwe na samaki wawili wakubwa wa kisiwani, ngege. Susana, mke wa Wangwe, akawapika. Walikula mezani wakiwa watatu, na Phelesia akaisoma barua ya jarida kwa sauti, akacheka katikati, akairudia tangu mwanzo. Susana akamwambia mumewe baada ya mgeni kuondoka, "Sasa unaweza kupumzika." Naye akaamini hivyo.

Julai ilipita bila tangazo. Agosti vilevile. Kulikuwa na maelezo kila mwezi, na kila mwezi Wangwe aliyabeba maelezo hayo mpaka kwa Phelesia akayalainisha njiani. Tangazo lilitoka Februari ya mwaka uliofuata.

Siku ya mahojiano, mwishoni mwa Machi, Wangwe aliruhusiwa kukaa pembeni kama mkuu wa idara, bila kura. Walikuwa sita mezani. Phelesia alijibu vizuri. Alieleza utafiti wake bila kuangalia karatasi, hata Profesa Machuki akawa anatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha afisa aliyetoka makao makuu ya chuo, mtu wa sauti ya chini aitwaye Gichana, akafungua faili.

"Unasema umefundisha mwaka mmoja."

"Ndiyo."

"Barua ya uteuzi sijaiona hapa."

Phelesia akageuka kumtazama Wangwe.

Wangwe akasimama. Akaeleza kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyemwagiza afundishe, kwamba wanafunzi wapo, waulizwe, kwamba ratiba za masomo zina jina lake.

"Daktari, hatukatai kwamba alifundisha," alisema Gichana, na hakukuwa na ubaya katika sauti yake. "Tunasema kazi hiyo haipo kwenye kumbukumbu za chuo. Sheria inadai mwaka mmoja wenye barua na makala mbili. Ana makala moja, na barua hana."

Kazi hiyo hakupewa mtu yeyote. Walioomba walikuwa watatu, na wote walipungukiwa na kitu.

Ukweli ni kwamba Wangwe aliifuatilia barua ile. Alikwenda ofisi ya utumishi mara tatu, na mara tatu akaambiwa iko mezani kwa mkubwa. Mara ya nne hakwenda. Kulikuwa na mlipuko wa kuhara wodini, watoto wawili wawili kitanda kimoja, na ulipokwisha jambo la barua lilikuwa limeshatoka kichwani. Phelesia alikuwa anafundisha tayari. Kitu kinachokwenda hakikumbushi mtu.

Alimkuta Phelesia kwenye korido, mbele ya ubao wa matangazo, akiwa ameukumbatia mkoba wake.

"Ulijua wanataka barua?" aliuliza Phelesia.

"Nilijua."

"Na ulijua haikutoka."

"Nilidhani itatoka. Nikasahau, Phelesia. Sina neno lingine."

Wanafunzi wawili walipita wakamsalimia Phelesia, naye akawaitikia kwa tabasamu, kisha tabasamu likaisha.

"Mimi ningeenda ofisini mwenyewe," alisema. "Ningekaa pale mlangoni kila siku mpaka wanichoke. Lakini ulisema nikuachie wewe, nami nikakuachia."

Wiki hiyo hiyo Wangwe alikwenda Homa Bay kuulizia ile kazi ya kaunti. Alipokewa na afisa aitwaye Jacktone, aliyemwagizia chai na kumsikiliza mpaka mwisho. Nafasi ilishajazwa zamani. Kama itatokea nyingine, Jacktone alisema, watatangaza, na daktari huyo aombe kama watu wote. Wangwe akashukuru. Chai aliiacha nusu.

Phelesia akaajiriwa na kliniki ya binafsi hapo Suna, siku sita kwa wiki. Wanafunzi aliwaaga vizuri, akawaachia maandishi yake yote ya masomo. Wangwe akarudi kufundisha peke yake, na sauti yake ikawa inakwisha kabla ya saa sita.

Mwezi wa Juni nafasi ikatangazwa tena. Wangwe alichukua fomu, akajaza yote aliyoweza kuyajaza, jina, shule, shahada, makala, akaipeleka kliniki. Alisubiri kwenye benchi pamoja na kina mama na watoto wao mpaka foleni ikaisha.

Phelesia alimkaribisha kwa heshima, akampa kiti chake mwenyewe, yeye akakaa kwenye kitanda cha wagonjwa. Alikuwa amekonda. Aliisoma fomu ukurasa kwa ukurasa.

"Umejaza vizuri, Mwalimu."

"Safari hii barua ipo. Nimeidai kwa maandishi, Profesa Machuki ameitia sahihi. Ukianza Septemba kwa mkataba, baada ya mwaka—"

"Na makala ya pili?"

"Tutaandika."

"Nitaiandika saa ngapi?" Hakuuliza kwa hasira. "Nikitoka hapa naoga na kulala. Kompyuta sijaifungua tangu Machi. Juzi nilijaribu kukumbuka tulichoandika kwenye hitimisho, sikukumbuka."

Wangwe akasogeza kiti karibu na kitanda.

"Mwalimu, mama bado anakuombea kila Jumapili," alisema Phelesia, akamrudishia fomu. "Usidhani nyumbani tunakusema vibaya. Ila mimi siwezi kuanza tena."

Muuguzi akagonga kusema kuna mtoto ameletwa na degedege. Phelesia akainuka mbio. Wangwe akatoka kwa mlango wa nyuma ili asimzuie njia.

Alistaafu mwisho wa Agosti. Wanafunzi wa mwaka wa tano waligawanywa katika vyuo vingine vitatu, na wengine walikuja kumuuliza kama yuko mtu anayemfahamu huko wanakokwenda. Alimpa kila mmoja jina alilolijua, ingawa baadhi ya watu hao walikuwa wameshaondoka.

Siku ya mwisho alikwenda kwa karani wa idara, Kerosi, kukabidhi funguo, mafaili na vifaa vya kufundishia. Kerosi alimpa fomu ya makabidhiano. Upande wa kushoto ulikuwa wa anayekabidhi. Wangwe akaandika jina lake, akatia sahihi, akaandika tarehe. Upande wa kulia ulikuwa wa anayepokea.

"Hapa niandike nani, Prof?" aliuliza Kerosi.

Wangwe aliutazama mstari ule kwa muda. Kisha akafunika kalamu yake, akairudisha mfukoni, akamwambia Kerosi apaache hivyo hivyo.