Kompyuta Iliyochapa Kazi Usiku wa Manane

Wifi yangu kaolewa na kaka yangu, na kazi yake ni kushughulikia waifai. Utani huo kila mtu kiwandani ameshauchoka isipokuwa mimi. Mimi najalidi vitabu, yeye ni fundi wa mtandao katika kiwanda hicho hicho cha uchapaji, na nasema mapema kwamba simsifu kwa sababu ya undugu. Angevuruga ningemsema.

Mtandao wetu ulikuwa unakwama kila siku. Wifi akapita meza hadi meza, akaweka kwenye kila kompyuta programu ndogo ya kupima data inayoingia na kutoka, na kupeleka ripoti kwenye seva iliyoko chumbani kwake.

"Haisomi barua zenu," aliwatuliza waliomkazia macho. "Inapima tu nani katumia kiasi gani, na saa ngapi."

Ripoti ya kwanza ikazua balaa. Kompyuta ya mapokezi, ya Mama Risiti, ilionekana ikituma mafaili makubwa kuanzia saa nane usiku. Usiku kiwanda hufungwa, na mwenye funguo ni mmoja tu, mlinzi wetu Mzee Tochi, anayelea wajukuu kwa kazi hiyo hiyo. Meneja hakutaka kuuliza mara mbili.

"Wewe mlinzi," alimwambia mbele yetu, "kesho asubuhi kwenye kikao utarudisha funguo. Unaingiza watu humu usiku."

"Bosi, mimi hata simu yangu ni ya vitufe. Hiyo kompyuta sijui inawashwa wapi."

Nilikasirika mpaka nikapaka gundi jalada upande wa nje. Jioni nikamvaa wifi chumbani kwake.

"Hiyo programu yako imemponza mzee wa watu!"

"Najua, wifi. Niache kwanza."

Nikajua ameumia kunishinda. Akaipitia ripoti upya, kisha ghafla akanigeukia. "Leo mchana Mama Risiti alikuwa wapi?"

"Mezani kwake. Alinitumia kazi saa tisa alasiri."

"Sasa mbona ripoti inasema kompyuta yake imelala tangu saa nne asubuhi?"

Akacheka peke yake, akazima taa, akasema twende nyumbani. Hakunifumbulia zaidi ya hapo, na mimi kwa umbea wangu nilikaribia kupasuka.

Asubuhi tukajazana ofisini kwa meneja, Mzee Tochi kasimama mlangoni na funguo mkononi. Wifi akaweka mchoro wa mtandao kwenye skrini kubwa ya ukutani.

"Mama Risiti, naomba uende mezani kwako, umtumie mteja kitabu kizima."

Akaenda. Punde mstari wa kompyuta yake ukapanda, na chini yake ikaandikwa saa kumi usiku. Nje jua linawaka.

"Hii nini tena?" meneja akauliza.

"Ni saa ya Mama Risiti, bosi. Programu huandika saa inayoikuta kwenye kompyuta."

Mama Risiti alikuwa amesharudi. "Jamani, mimi ikiwa saa tatu asubuhi nataka kuiona tatu, siyo tisa! Ya mkononi nimeiweka hivyo, na ya kompyuta nikaiweka vivyo hivyo."

"Na mimi sikuziamuru programu zote zifuate saa ya seva," wifi akasema. "Sasa naziamuru."

Akabonyeza. Saa kumi usiku ikageuka saa nne asubuhi mbele ya macho yetu, chumba kizima kikalipuka. Nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakatika. "Huyo ni wifi yangu!"

Hapo hapo tukajua na kinachokwamisha mtandao: mafaili ya mapokezi, yanayotumwa wakati sote tuko kazini. Siku hizi yanasubiri mapumziko ya mchana. Mzee Tochi alirudisha funguo mfukoni mwake bila kusubiri kuambiwa.

Kesho yake meneja alipofika getini, mzee alimpokea kwa uso mkavu. "Bosi, nikuulize habari za asubuhi, au nikutakie usiku mwema?"

Tulishika mbavu. Meneja, ambaye hajawahi kumwita chochote zaidi ya "wewe mlinzi", alivua miwani, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu," akajibu Mzee Tochi, na kumfungulia geti.