Nilimkaririsha mwenzangu hatua za usingizi, mgonjwa akafia mezani

Wakuu, habari za humu ndani?

Mimi ni mzee, tisini nimeshaipita, na simu naitumia mwenyewe kwa miwani. Haya yalinikuta mimi na sina wa kumwogopa tena, kwa hiyo sitaongeza wala kupunguza.

Nimesoma uzi wa madaktari walioko kwenye mafunzo ya ubingwa. Wanalalamika wamewekewa semina ya namna ya kusoma. Mmoja kaandika, "Nina degree ya udaktari, leo nafundishwa kusoma kama mtoto wa chekechea?" Likes kibao.

Nimekasirika. Tulieni niwasimulie.

Ni enzi za Mwingereza, miaka ya hamsini, hospitali moja upande wa Njombe. Jina naliacha.

Sisi Waafrika tulikuwa wasaidizi wa daktari, ila wananchi walituita madaktari tu. Mkuu wetu alikuwa Mzungu, tukimwita Bwana Mganga. Akatuchagua wawili tujifunze kazi moja maalumu, kuwalaza wagonjwa wa upasuaji kwa dawa ya usingizi. Huo ndio ulikuwa ubingwa wetu.

Mwenzangu aliitwa Yeremia, Mpangwa wa Mawengi. Mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko wangu na wagonjwa walimpenda. Kwenye daftari ndiko alikokuwa anasota.

Mimi kichwa kilikuwa kinashika. Baba alikuwa mwinjilisti wa Kilutheri, nimekua nikiimba majibu ya kipaimara kuanzia swali la kwanza hadi la mwisho, na ukikosea neno unarudi mwanzo. Bwana Mganga akaniambia, "Msaidie mwenzako kusoma."

Nikavimba kichwa. Nikamfundisha nilivyofundishwa.

Hatua za usingizi ni nne. Kila jioni nilimkaririsha kwa mpangilio. Akirukia ya tatu namkatiza, "Anza mwanzo." Hata siku moja sikumuuliza, "Ukimkuta mgonjwa yuko hivi, hiyo ni hatua gani?"

Siku ya mtihani alizimwaga zote bila kukosea. Bwana Mganga akanipa mkono mimi.

Hapa niwaeleze kidogo. Dawa yenyewe ilikuwa etha, unaidondoshea kwenye kitambaa kilichofunika pua na mdomo. Mashine hakuna, unaangalia macho na pumzi. Mboni za macho hupanuka hatua ya pili, mgonjwa akiwa bado hajalala vizuri, na hapo unaongeza dawa. Zinapanuka tena hatua ya nne, ila hapo pumzi inakatika, anakufa, unatakiwa uondoe kitambaa haraka.

Akaletwa mama mmoja wa Kitandililo, tumbo limejaa usaha. Yeremia alikaa kichwani na dawa, mimi napokeza vyombo. Katikati ya kazi Bwana Mganga akaona damu imekuwa nyeusi, akauliza, "Yuko hatua gani?"

Nikaona midomo ya Yeremia inacheza. Nikajua anakariri, na nikafurahi kwamba anakumbuka.

Hatua ya kwanza, hapana. Hatua ya pili, mboni zimepanuka. Akaishia hapo hapo, ya nne hakuifikia, akaongeza matone.

Tulimkandamiza kifua yule mama kumrudishia pumzi mpaka mikono ikaishiwa nguvu. Hakurudi. Mume wake alikuwa kakaa nje na nguo za mkewe mapajani, na ni mimi niliyetumwa kumwambia.

Uchunguzi ukafanyika. Niliulizwa swali moja mbele ya wakubwa.

"Yeremia alilijua somo lake?"

"Alilijua lote, bwana. Alikuwa akilisema kila siku bila kosa."

Sikudanganya. Lakini jibu hilo ndilo lililommaliza, maana kama alijua, basi ni uzembe. Akafukuzwa kazi. Mimi nikapewa kundi lililofuata nilifundishe.

Sikusema kwamba nilimfundisha kuimba tu. Niliogopa kufukuzwa pamoja naye. Uoga, wakuu, sina jina jingine la kuuita.

Kundi lile nililifundisha kwa namna nyingine. Funga daftari, njoo kitandani, niambie unaona nini, na kwa nini si hatua nyingine. Maswali nikayachanganya makusudi. Nilisifiwa sana, na kila sifa ilinichoma.

Miaka ikapita. Uhuru ukiwa bado, lori nililopanda lilisimama Makambako. Nikamkuta Yeremia anauza maharage na wanawe watatu.

"Kamwene, mwalimu," akanisalimu, bila kinyongo.

Nikamvuta pembeni nikamwambia yote. Kwamba kosa lilikuwa la ufundishaji wangu, na kwamba nilijua nikanyamaza.

Akasema, "Mimi nilijua kichwa changu kibovu. Mtu unasoma kitu mpaka unakijua chote, halafu unaua mtu? Nikasema hii iko kwenye damu yetu. Hawa watoto sikuwapeleka shule, wasije nao wakaua."

Nikamwambia awapeleke sasa. Akamtazama yule mkubwa, sauti ilishakuwa nzito na mabega yamejaa.

"Huyu shule gani itampokea?"

Dereva akapiga honi, nikapanda.

Basi wewe daktari unayeidharau hiyo semina, nenda kakae mbele. Kukariri na kujua ni vitu viwili, na mgonjwa haji kwa mpangilio wa notisi zako.

Nanyi mnaofundisha madaktari, mwanafunzi akikosea huwa mnajiuliza mlimfundishaje? Semeni hapa. Anayetaka kunitukana naye anitukane, nitasoma yote.