Mzee wa Hariri na Shujaa Aliyekwama Jangwani

Mzee aliyekuwa akiuza vitambaa sokoni hapa Dodoma ametutoka. Binti yake alinipigia simu asubuhi, na alasiri tulikuwa tumeshamzika kwao Kondoa. Wasomaji wangu mtanisamehe nikimkumbuka kwa kicheko, maana ndivyo tulivyojuana. Siku ya kwanza nilimpelekea mtandio niliouziwa kama hariri ya China, nikitaka anitafutie wa kufanana nao. Akachomoa uzi mmoja, akawasha kiberiti. Hivyo ndivyo alivyofanya mbele ya kila mteja, hata kwa vitambaa vyake mwenyewe. Uzi ukayeyuka, ukaganda kama kidonge cheusi. “Hariri ikiungua hunuka nywele,” akasema. “Hii inanuka plastiki. Umejifunga ndoo kichwani, binti yangu.”

Wakati huo nilikuwa nikiandika riwaya juu ya njia za kale za hariri, na shujaa wangu alikuwa amekwama jangwani mwaka mzima. Nilimtoa China na ngamia wake nikitaka afike Rumi, lakini kila sura ilimchosha, nami ikanichosha zaidi. Nilikuwa karibu kuutupa mswada. Nilipomsimulia mzee, alicheka mpaka akashika meza. “Huyu bwana hana mke? Hana shamba?” “Ni shujaa, mzee.” “Ni mjinga! Mimi ujanani nilibeba vitambaa kutoka hapa mpaka mnadani Chemba, nikamwachia mwenzangu wa Kondoa, nikarudi kula ugali kwangu. Yeye naye akampa wa mbele. Mzigo ndio uliofika mbali. Mruhusu mtu wako arudi nyumbani.” Baadaye nilisoma kwamba ni wachache mno waliovuka njia ile yote, wachuuzi walipokezana hariri soko hadi soko. Basi nikamrudisha shujaa kwa mkewe katika sura ya tatu, na riwaya ikaanza kutembea.

Nilitaka mzee awe wa kwanza kusikia mwisho wa riwaya. Nimechelewa. Juzi, baada ya matanga, nilipeleka mswada mezani kwake, nikamkuta binti yake akipima vitenge. “Baba alisema utauleta,” akasema, kisha akawasha kiberiti. “Dada, kabla sijausoma, tuchome kona moja tunuse kama ni hariri.” Nikaurukia mswada wangu, soko zima likacheka, nasi tukacheka mpaka machozi yakatutoka, na hatukuulizana ni ya nini. Kisha nikamkabidhi. Alichoniachia baba yake pale mezani nimekifikisha nilipoweza. Nikageuka, nikarudi nyumbani kula.