Betri ya Magunzi

Mwaka wa tatu wa shahada yangu ya uzamivu nilirudi nyumbani Karatu kuomba magunzi. Chuoni tulikuwa tunajaribu betri za sodiamu, ile iliyomo kwenye chumvi ya mezani, badala ya lithiamu, na ndani yake tulihitaji kaboni. Mimi kaboni yangu niliipata kwa kuchoma magunzi ya mahindi kwenye tanuru. Nilimweleza mama haya kwa simu, kwa madaha yote ya msomi. Akaniuliza kama mkaa umeadimika mjini.

Nilipofika, habari ilikuwa imenitangulia. Jirani yetu tunayesali naye alinishika mkono akanipa pole ya masomo, kwa sauti ya msibani.

Nikaona niokoe jina langu. Nilikuwa nimebeba betri moja niliyoitengeneza mwenyewe, ndogo kama kifungo cha koti. Jumapili baada ya ibada, ndugu wakiwa bado wanakunywa chai kwetu, nikasimama kuhutubia. Nikalitaja taifa, nikataja mapinduzi, nikasema hata kwa shangazi yangu, aliyeolewa kwa wafugaji kule Piyaya, siku moja taa zitawaka usiku kucha. Shangazi, aliyekuwa amekaa mbele yangu, akasema zinawaka, wana sola. Nikajifanya sikusikia.

Nikaunganisha nyaya. Kitaa chenye ukubwa wa punje ya mchele kikawaka, chekundu. Waliokaa mbali hawakukiona. Baba, aliyeendesha magari ya watalii Ngorongoro mpaka akastaafu, akavaa miwani, akasogea, akainama.

"Taa iko wapi?"

Nilipoinama naye, kitaa kilikuwa kimeshazimika.

Baba akainuka. Maisha yake yote ya kazi aliwatafutia wageni faru ambao hawakutokea. Akawageukia watu na kuwaambia, kwa upole ule ule wa kazini, "Ilikuwepo hapa sasa hivi. Imeingia kichakani tu."

Walicheka mpaka chai ikamwagika. Mimi nilichukua muda kuwafuata.

Niliporudi chuoni niliifungua betri ile, nikakuta sikuwa nimeiziba vizuri, unyevu umeingia. Niliyoitengeneza baada ya hapo, kwa magunzi ya shamba letu, imekubali kuchajiwa na kutumika tena na tena. Nilimpigia baba kumwambia. Alifurahi sana, akampa mama simu, na mama akataka kujua ni lini nitamaliza kusoma.